Neno FASAHA: sio maneno mazito na sio kuongea haraka. Wana Tanga karibuni tulichambue

#1 Mleta uzi (Makorora, Tanga)

Salaam wakuu, wana Tanga mliopo na mlioko mbali, wakubwa shikamooni. Leo naleta neno moja tu, fasaha, maana nalisikia kila siku na mara nyingi linasemwa pasipo mahali pake, na mimi kwa kweli linaniuma kwa sababu ni neno lenye kazi yake maalumu na tukilichakaza hatuna lingine la kukaa pale.

Mtaani sa hivi fasaha ina maana mbili. Ya kwanza ni mtu anaeongea bila kukwama, akishika maiki anatiririka tu. Ya pili ni mtu wa maneno mazito mazito. Mtu anasimama kwenye harusi anasema "katika muktadha mzima wa mustakabali wa ndoa hii adhimu na kwa namna moja ama nyingine tunapenda kuchukua fursa hii kuweza kutoa nasaha", makofi, vigelegele, watu wanaambiana huyu bwana Kiswahili chake fasaha. Sasa mgeukie uliekaa nae muulize maharusi wameambiwa wafanye nini. Hajui. Na aliesema ukimfata pembeni ukamuuliza atakurudishia maneno yale yale. Huyo katiririka, ufasaha bado.

Neno hili tumelitoa kwenye Kiarabu, na kamusi kongwe za Kiarabu zinaeleza kuwa mzizi wake ulitumika hata kwa maziwa, yakishakamuliwa yanakuwa na povu juu, povu likiondoka yakabaki maziwa yenyewe ndo yanasemwa kwa neno la mzizi huo. Sisi mkoa wetu ni wa ng'ombe wa maziwa kwahiyo hili hatuhitaji kuelezwa sana, ukipimiwa maziwa pamoja na povu umepunjwa. Kwahiyo kwa asili yake fasaha sio kuongeza maneno, ni kuyaondoa yale ambayo sio kitu mpaka kitu chenyewe kionekane. Na neno fasihi ambalo watoto wanalisoma shuleni limetoka humo humo, ni ndugu wa tumbo moja na fasaha (msichanganye na fasiri wala fasili, hizo kila moja ina mzizi wake).

Waliosoma Kurani chuoni (madrasa) watakumbuka Sura Al-Qasas aya ya 34, Nabii Musa anaomba aende kwa Firauni pamoja na nduguye Harun kwa sababu Harun ni fasaha zaidi yake wa ulimi, na neno lililotumika pale ni hilo hilo. Alafu kwenye Sura Twaha anaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na aya inayofata inataja sababu, ili wapate kufahamu kauli yake. Sababu haikuwa wamshangae au wamsifu. Kipimo kimewekwa kwa anaesikiliza, kaelewa au hajaelewa, na mimi sijapata maelezo ya ufasaha yaliyonikaa kichwani kuliko hayo.

Jambo la pili, ambalo ndo limenileta hasa, ni kufikiri. Watu wanadhani ufasaha unakaa mdomoni. Unaanza kichwani. Chukua neno mantiki, ukiambiwa mantiki unaelewa ni kufikiri kwa mpango, hoja moja inazaa nyingine, lakini mzizi wake kwenye Kiarabu ni kutamka, na ndo maana kwenye Sura An-Naml Nabii Suleiman anaposema amefundishwa mantiki ya ndege maana yake ni usemi wa ndege. Yani wenye lugha yao waliona kufikiri sawasawa na kusema sawasawa vinakaa nyumba moja, na mimi kazi yangu inanionesha hivo hivo kila siku.

Nina steshenari. Nachapa barua, risala, maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya vikundi. Mteja anakuja anasema kijana niandikie barua nzito. Namwambia kaa kwanza, unamwandikia nani, unataka afanye nini, mpaka lini. Wengi hapo ndo wanaanza kufikiri jambo lenyewe kwa mara ya kwanza, kabla ya hapo walikuwa na hasira tu, au wasiwasi tu, wakataka niugeuze kuwa aya tatu. Kuna mama alikuja na karatasi imejaa pande zote mbili, analalamikia nyumba aliyopanga, kaanza na maana ya mpangaji, kaja haki za binadamu, kamtaja Mungu, kataja serikali. Nikamuuliza mama, mwenye nyumba akimaliza kuisoma hii unataka anyanyuke afanye nini? Akanyamaza. Alafu akasema abadilishe yale mabati mawili ya chumba cha watoto kabla ya masika, kama hawezi anikatie kwenye kodi nibadilishe mwenyewe. Nikamwambia mama yangu hiyo ndo barua yako, umeshaiandika. Tukaichapa kama alivosema, na salamu juu na shukrani chini kama inavopasa. Yule mama hakukosa Kiswahili hata kidogo, Kiswahili chake kitamu kuliko changu, alichokuwa hajafanya ni kuamua anataka nini.

Kinyume chake ni mihtasari ya vikao. "Ilijadiliwa kwa kina na kukubaliana kuwa hatua stahiki zichukuliwe dhidi ya wadaiwa." Hiyo sentensi haina kosa la sarufi hata moja na haina mtu ndani yake. Nani achukue, hatua gani, lini, wadaiwa ni akina nani. Mwezi unaofata kikao kinakaa upya hakuna kilichofanyika na watu wanalaumiana, na kila mmoja ana haki ya kusema mimi sikutajwa. Sasa andika "Katibu atampelekea kila mwanachama anaedaiwa barua kabla ya Ijumaa." Ni fupi, na mtu mmoja ndani ya kile kikundi anajua kesho anaamka kufanya nini. Mimi naamini kabisa vikundi vyetu vingi vya kukopeshana vinavunjika kwa sababu ya sentensi kama ile ya kwanza kuliko kwa sababu ya wizi.

Na tuongelee hili la "kuweza" jamani, limekuwa ugonjwa. Tumeweza kufika, tuliweza kupokea, mgeni rasmi ameweza kukabidhi. Kuweza ni neno la uwezo, mtu akisema "ameweza kutembea" mimi naelewa alikuwa anaumwa miguu. Kama kakabidhi sema kakabidhi. "Suala zima la" nalo lile lile, suala zima la elimu, suala zima la maji, kwani kuna suala nusu? Ukiyatoa hayo hakuna kinachopungua, na hicho ndo kipimo changu mimi, toa neno, soma tena, kama maana imebaki vile vile usilirudishe.

Karibuni wakuu, ongezeni na mkosoe.

#2 Mdau wa Chumbageni

Uzi mzuri mkuu nimeusoma wote. Swali langu, fasaha na sanifu sio kitu kimoja? Maana shuleni tuliambiwa tuandike kwa Kiswahili sanifu na fasaha, yanakuja pamoja kila siku mpaka mtu unaona ni neno moja.

#3 Mleta uzi

Asante ndugu yangu. Sio kitu kimoja na sisi watu wa Tanga ndo tunatakiwa tuwe wa kwanza kulijua hilo.

Sanifu ni Kiswahili kilichochaguliwa na kupangwa kitumike kote. Kiunguja ndo kilichaguliwa kiwe msingi, mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kukisanifisha, na baadae mwaka 1967 ikaundwa BAKITA hapa kwetu kusimamia lugha ya taifa. Kwahiyo sanifu inajibu swali la je umefata kanuni zilizokubaliwa. Fasaha inajibu swali jingine, je ulichokusudia kimemfikia mwenzio kikiwa kizima?

Nenda Tongoni kasikilize wazee wa Kimtang'ata, lahaja ya huko, wanavoeleza mipaka ya shamba, huu mnazi mpaka ule, kuanzia kwa babu fulani, nani alimwachia nani, sio sanifu yale maneno na ukiyaandika kwenye mtihani utakatwa maksi, lakini anaeijua lugha yao atatoka pale anaujua mpaka. Hao ni fasaha. Na unaweza ukapata waraka umechapwa kwa Kiswahili sanifu hamna kosa hata la nukta, ukausoma mara mbili ukauweka chini hujui unatakiwa ulipe au usilipe. Huo ni sanifu na sio fasaha. Bora viwe vyote viwili, lakini tukilazimika kuchagua kimoja mimi nachukua ufasaha bila kusita.

#4 Mdau wa Pangani

Mkuu hapo kwenye ufasaha ni uwazi mimi napingana na wewe kidogo kwa heshima. Sisi watu wa pwani lugha yetu ni ya mafumbo. Mtu mzima hasemi jambo likiwa uchi. Kanga zina maneno yake, mama mkwe hamwambii mkwewe moja kwa moja, na taarabu ya hapa kwetu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star watu walikuwa wanasemana ukumbini bila kutajana jina. Kwa maelezo yako hao wote hawakuwa fasaha? Na tukisema kila kitu kiwe kama barua ya mabati tutaua lugha yetu ibaki kama maelekezo ya dawa. Hata Shaaban Robert wetu wa hapa hapa, sentensi zake ndefu na zimepambwa.

#5 Mleta uzi

Mdau wa Pangani hoja yako ni nzito na nilitamani mtu aiseme, naijibu taratibu.

Fumbo na giza ni vitu viwili tofauti kabisa. Anaefumba anajua anachokisema, anajua anamlenga nani, anajua nani aelewe na nani apitwe, kaifikiri mpaka mwisho ndo akaichagua njia ya kuzunguka. Yule dada anaevaa kanga yenye maneno yake akapita mbele ya mlango wa mtu, ujumbe umefika, tena umefika kuliko angetukana, na jirani mwingine aliekaa pale pale anaona kanga tu. Hiyo ni kazi ya hali ya juu. Wahenga walishasema fumbo mfumbie mjinga mwerevu huligangua, maana yake fumbo lina mahali pa kuganguliwa, lina jibu ndani. Ile sentensi ya hatua stahiki ukiigangua siku nzima hakuna jibu ndani, kwa sababu alieiandika hakuweka.

Wataalamu wa Kiarabu walikuwa na neno lingine pembeni ya fasaha, balagha, ndo hii watoto wanaikuta shuleni kwenye maswali ya balagha. Mzizi wake ni kufika, ni mzizi ule ule tuliopatia neno balehe, mtoto amefika umri. Fasaha wakaiangalia kwenye usafi wa maneno yenyewe, balagha wakaiangalia kwenye kufikisha kwa mtu yule, mahali pale, wakati ule. Kwahiyo mama mkwe anaezunguka na maneno yake kwa adabu ana balagha, kamwambia mkwewe jambo zito na heshima ya nyumba imebaki. Ila mama mkwe yule yule akienda kumweleza daktari wa hospitali ya Bombo mjukuu ameanza kuharisha lini na kanywa nini hatakiwi kufumba, na kwa kweli hafumbi, anasema jana alfajiri, mara tatu, uji hakai nao. Mtu mmoja, ndimi mbili, na zote kazijua mahali pake.

Shaaban Robert kanifurahisha kutajwa. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909 na kazikwa Machui mwaka 1962, na alifanya kazi ya ukarani wa forodha huko huko kwako Pangani. Ni kweli sentensi zake zina mapambo na zingine ndefu. Lakini zifate, utaona kila kipande kimeshikana na kilichotangulia, na ukifika mwisho unajua anaunga mkono nini na anapinga nini. Sikusema fasaha ni ufupi. Ufupi unasaidia wengi wetu kwa sababu hatuna mkono wa kushika sentensi ndefu isituponyoke, yeye alikuwa nao.

#6 Ticha wa sekondari, Mikanjuni

Naomba niongeze kwa upande wa darasani. Swali la mtihani linasema "bainisha", wanafunzi wengi wanaorodhesha tu. Bainisha inatokana na mzizi mmoja na "baina", yani kati ya, kwahiyo ukiambiwa ubainishe unatakiwa uweke nafasi kati ya kitu na kitu, hiki kinaishia hapa kile kinaanzia pale. Bayana nayo iko humo humo. Mwanafunzi aliejua hivo anajibu vizuri zaidi bila kuongeza kusoma chochote.

Pia mleta uzi hujagusa tatizo ambalo kwenye Kiswahili naliona kubwa kuliko maneno mazito, ni hiki kiambishi "a" kinachosimama badala ya mtu, pamoja na "wake". Mwanafunzi anaandika "Mama alimwambia shangazi kwamba mtoto wake anaumwa na hana hela." Mtoto wa nani? Nani hana hela, mama, shangazi au mtoto? "Mke wa rafiki yangu aliesafiri amerudi", nani alisafiri? Kwenye vitu lugha yetu inatusaidia yenyewe, nikisema baiskeli ya jirani iliyoibiwa unajua ni baiskeli, ngeli zimemaliza kazi. Watu wakiwa wawili ngeli ni moja, haikusaidii. Hapo nawaambia rudia jina, usione aibu kurudia, au kata sentensi. Wao wanaogopa kurudia wakidhani ni ushamba.

#7 Mleta uzi

Ticha hapo umenisaidia sana. Naliona hilo kwenye barua za familia za mirathi, "alimpa shamba lake akiwa anaumwa", ndugu wanagombana miaka kwa ajili ya "lake" moja. Rudia jina la marehemu, rudia jina la aliepewa, hata mara nne kwenye ukurasa mmoja, hakuna atakaekucheka.

#8 Mdau wa Raskazone

Nakazia hapo kwenye mirathi. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, watu wengi walifurahi wakidhani sasa kila kitu kitaeleweka. Lugha imebadilika ni kweli, na ni jambo kubwa sana kwa mwananchi wa kawaida, lakini kama alieandika hati ya madai hajui anadai nini haimsaidii kitu hata iwe kwa Kiswahili cha wapi. Kabla hujaenda kwa wakili kaa na ndugu zako mseme kwa mdomo, tunadai nini, kutoka kwa nani, kwa sababu gani, ushahidi upi. Mkikubaliana hapo nusu ya kazi imeisha.

#9 Mama wa Sahare

Samahanini wenzangu mie sijasoma sana ila nimefata uzi wote na nimeuelewa. Mwanangu yuko kidato cha pili, kaandika kwenye insha "mwalimu wetu ni mfasaha na watoto wote ni wafasaha". Dada yake anasema kakosea, mwenyewe anasema iko sawa kwa sababu tunasema mzuri wazuri. Nani mkweli?

#10 Mleta uzi

Mama shikamoo, na asante kwa kufata uzi mpaka huku chini. Dada mtu ndo mkweli. Fasaha haichukui kiambishi, inakaa kama safi, hodari na rahisi, hatusemi mhodari wala wahodari. Kwahiyo mwalimu fasaha, watoto fasaha, lugha fasaha, maelezo fasaha, ni hivo hivo kwa wote. Ukitaka jina la sifa yenyewe ni ufasaha. Ukitaka kueleza namna jambo lilivofanyika unasema kwa ufasaha, "alieleza kwa ufasaha jinsi ajali ilivotokea", na wengine wanasema kifasaha, nayo inaeleweka.

Ila mwambie mwanangu kuna kitu kingine kwenye sentensi yake zaidi ya hicho kiambishi. Akisema mwalimu wetu ni fasaha, msomaji atauliza umejuaje? Amwongezee sababu pale pale. Mfano "Mwalimu wetu wa hesabu ni fasaha, akieleza hesabu za sehemu, kama nusu na robo, mara moja hata sisi wa nyuma tunaweza kwenda ubaoni kuzifanya." Hapo kaonesha kwamba kilichokuwa kichwani kwa mwalimu kimehamia kwa wanafunzi, na hata hilo "tunaweza" limekaa mahali pake maana ni uwezo kweli, kabla ya maelezo hawakuwa nao. Mpe salamu zangu, na akiwa na insha nyingine ailete hapa hapa tuisome wote.